Nimekula hela ya sare za kwaya, na kila Jumapili naimba

BARUA

Mama, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Nina miaka 29, nina mke na mtoto wa miaka miwili, naishi Morogoro. Nauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la mtu, mshahara 280,000 kwa mwezi. Mke wangu anauza chai na vitumbua karibu na stendi ya Msamvu, huwa anatoka nyumbani saa 10 alfajiri. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, nimebatizwa na kupata kipaimara palepale ninaposali mpaka leo. Naimba besi kwaya ya vijana, na tangu mwaka juzi ndiye mweka hazina.

Mwaka jana tulianza kuchangia sare mpya. Tuko 24, kila mmoja 65,000, jumla 1,560,000. Michango inatumwa kwenye laini yangu ya simu, kwa sababu siku tulipojadili nani apokee, mwenyekiti alisema, "Wekeni kwa huyu, huyu ni mtu wa Mungu." Watu wakapiga makofi. Yale makofi nayasikia mpaka leo nikiwa peke yangu.

Kubeti nilianza zamani kidogo, tiketi za kubashiri mechi, tunaziita mikeka, za 500 na 1,000 na wenzangu wa dukani. Nilijiambia ni burudani, na hakuna mstari wa Biblia unaosema usibeti. Mwezi wa tisa nilisuka mkeka niliouamini sana, mfukoni sina kitu. Nikachukua 20,000 ya sare. Nikasema kesho nairudisha. Mkeka ukatiki, nikapata 86,000. Nikarudisha ile 20,000, na Jumapili nikatoa 8,600 fungu la kumi. Mama, niliiweka kwenye bahasha na jina langu nikaandika. Niliona Mungu amenifungulia mlango.

Tangu hapo ni kuliwa tu. Mpaka sasa wenzangu wameshachanga 1,310,000, na kwenye laini kuna 470,000. Nimekula 840,000. Mpira niliuona unachelewa, nikahamia kwenye kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Kinapaa huku namba zinapanda, 1.20, 1.90, 3.00, na unatakiwa utoe hela yako kabla hakijapotea. Wiki iliyopita saa 7 usiku nilikuwa chooni, nimepunguza mwanga wa simu, nikaweka 40,000. Kikapotea kwenye 1.07. Sikuwahi hata kusogeza kidole. Nikamsikia mke wangu anakohoa chumbani, nikachota maji kwenye ndoo nikamwaga, ajue nilikuwa na sababu ya kuwa mle.

Si kwamba nimekaa tu. Nimefunga siku tatu kavu. Nimekesha mikesha ya Ijumaa. Programu ya kubeti nimeifuta mara nne au tano, Jumapili naifuta na Jumanne nairudisha, kwa sababu ujumbe unaingia: umepewa 1,000 bure. Kwaresima hii nimefunga kila Jumatano na Ijumaa, na kuna Ijumaa moja nimebeti nikiwa nimefunga. Namwomba Mungu aniondolee hii tamaa, haiondoki. Wakati mwingine namwomba mkeka mmoja tu wa mwisho, nirudishe hela za watu niache kabisa. Najua ni ombi la kijinga, ila naliomba.

Fundi anataka hela yote wiki mbili kabla ya Pasaka. Rafiki yangu mmoja, ndiye pekee anayejua, ananishauri nichukue mikopo miwili mitatu ya mtandaoni nijazie pengo, mtu asijue, halafu nilipe taratibu. Mke wangu hajui. Mchungaji hajui. Jumapili nasimama mstari wa nyuma tunaimba habari za msalaba, na watu wanafuta machozi. Kuna usiku natamani nisiamke.

Naomba unijibu, Mama. Mungu bado ananisikia? Nichukue huo mkopo? Na kwaya niendelee, au nijitoe kimya kimya niseme koo linauma?

Mwimbaji, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Amina.

Hayo maswali matatu yasubiri kidogo, kwanza hiyo sentensi uliyoiweka juu yake. Kutamani usiamke si jambo la kulala nalo peke yako. Ikirudi hali hiyo usiku, mwamshe mkeo, hata kama hujawa tayari kumweleza sababu. Ikizidi, nenda hospitali ukaseme maneno hayohayo uliyoniandikia. 840,000 ni mshahara wako wa miezi 3 kamili, nimeipigia hesabu. Ni hela nyingi. Lakini ni deni, na deni la miezi 3 mtu hulipa akiwa hai.

Sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nina kalamu, nikapigia mstari kila mahali ulipoomba. Umeomba tamaa iondoke. Umeomba mkeka wa mwisho. Sikuona mahali ulipoomba ujasiri wa kumwambia mkeo, wala mahali ulipoomba mtu mwingine aishike ile hela. Ukiyaweka pamoja maombi yako yote, ya mkesha na ya chooni, yanaomba kitu kimoja: haya mambo yaishe bila mtu kujua. Umeuliza kama Mungu anakusikia. Anakusikia vizuri sana, hilo ombi tu ndilo hajalikubali. Nami namshukuru kwa niaba yako, maana angekupa ule mkeka wa mwisho mwezi wa kumi, leo ungekuwa unaniandikia habari za hela ya ujenzi wa kanisa.

Ulisema ile 86,000 uliiona kama mlango uliofunguliwa na Mungu. Paulo naye anataja mlango, 1 Wakorintho 10:13, kwamba Mungu "pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili." Wa kutokea, mwanangu. Na mlango, hata ukifanywa na Mungu, mtu anaupita kwa miguu yake mwenyewe. Wewe umekaa ndani ukisubiri paa liezuliwe akunyanyue juu kwa juu. Mlango wako mimi nimeuona tangu aya ya pili ya barua yako: ni ile laini. Kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Siku yoyote tangu mwezi wa tisa ungeweza kukichomoa, ukampa mwenyekiti na kumwambia, "Hii mimi sishiki tena." Ungebaki na aibu yako na deni la siku hiyo tu.

Yusufu kwa mke wa Potifa hakupiga magoti mle ndani kuomba tamaa iondoke. Aliacha nguo mkononi mwa yule mama akakimbia nje, na bado alifungwa jela kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nikuambie kitu ambacho hata wasomaji wangu wa siku nyingi hawakijui. Nilipokuwa na miaka 31 nilikuwa mweka hazina wa umoja wa wanawake kanisani kwetu. Hela tulitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikaa chini ya kitanda changu. Mwanangu wa kwanza akarudishwa nyumbani na mwalimu kwa kukosa viatu. Nikatoa hela ya viatu koponi, nikaandika kikaratasi, "nitarudisha Ijumaa", nikakitumbukiza humo. Kile kikaratasi kilinipa usingizi mzuri sana. Ijumaa ikapita. Nikatoa ya dawa, nikaongeza kikaratasi. Vikafika vinne.

Usiku mmoja mwenzetu akafiwa. Akina mama wakaja kugonga saa 4, wamejifunga khanga, wanataka hela ya msiba. Nikapiga magoti nikavuta kopo, nikaanza kuhesabu noti polepole, kana kwamba nikihesabu polepole zitaongezeka. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, akainama kunishikia taa. Akaviona vikaratasi. Akasoma kimoja, akakirudisha. Akasema, "Leta iliyopo, mengine tutaongea kesho."

Kesho yake tuliongea, mbele ya kamati. Nikavuliwa uhazini, na kwa miaka 2 kazi yangu ikawa kuchemsha chai ya vikao. Hela niliilipa yote. Ile aibu niliyoikimbia wiki tisa ilichukua kama nusu saa. Chai ndiyo ilichukua miaka 2.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba shida yako haikuanza na kindege, naongea ninachokijua. Ilianza kwenye "kesho nairudisha". Yakobo 1:14 anasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa, na hakuna anayetudanganya kwa ustadi kama sisi wenyewe. Hilo fungu la kumi lako lilinichekesha, kisha likaacha kunichekesha. Ulitaka Mungu awe mbia wa mkeka. Ulipoandika jina kwenye ile bahasha ulikuwa unatafuta risiti ya kwamba hujaiba.

Kuhusu kama kubeti kumetajwa kwenye Biblia au la, sitabishana nawe. Hela haikuwa yako. Yohana 12:6 inamtaja mtu aliyeshika mfuko wa wenzake akawa anachukua vilivyotiwa humo. Unamjua jina.

Na kwa kuwa tumefika kwa Yuda, tuje kwenye mkopo. Rafiki yako anadhani tatizo ni pengo la 840,000, likizibwa yamekwisha. Lakini kumbuka, Yuda alirudisha. Mathayo 27 iko wazi, aliwarudishia makuhani vipande vyote 30 vya fedha, hakubakiza hata kimoja. Alirudisha akiwa peke yake, hakwenda kwa wale aliokula nao meza moja, akatoka pale akaenda kujinyonga. Petro, usiku ule Bwana alipokamatwa, alimkana mara tatu. Naye akaanguka, akalia. Ila siku ya Pasaka unamkuta yuko na wenzake. Hakuwa na cha kurudisha, alirudi mwenyewe.

Mkopo wa mtandaoni utakupa nafasi ya kurudisha bila kurudi. Hiyo mikopo mtaani ina jina lake, kausha damu, na jina hilo halikutolewa na maadui. Mikopo ya namna hii wengine hukata ada yao kabla hujaipata hela, na muda wake wa kulipa ni siku au wiki chache. Wewe wa 280,000 utalipa vipi mitatu kwa mpigo? Kwa kindege. Usichukue hata mmoja. Kama umeshachukua, mwambie mkeo na huo.

Ule mkeka wa mwisho nilimpelekea mjukuu wangu wa kidato cha nne anipigie hesabu. Chukua mechi 10, kila moja tuseme una nafasi 6 kati ya 10 ya kupatia, na hapo nimekupendelea. Zote 10 zipite kwa pamoja, ni kama tiketi 6 kwenye 1,000. Zile 994 ndizo zinazolipia matangazo. Kindege sikumpa, nilihofia atauliza kinavyochezwa.

Mkeo aanze kujua, kabla ya mtu yeyote wa kanisani. Siku ya pili wewe na yeye muende kwa mchungaji, mkimkuta na mwenyekiti wa kwaya ni vizuri zaidi. Nenda na karatasi: zilizoingia, zilizopo, zilizopungua, tarehe kwa tarehe, taarifa ya miamala kutoka mtandao wako wa simu iwe imeambatanishwa. Usiende na maelezo marefu ya Ibilisi. Sema "nilichukua". Ile 470,000 ikabidhiwe palepale, isilale kwako hata usiku mmoja. Mithali 28:13 haikuishia kwenye kuungama, inasema "aziungamaye na kuziacha atapata rehema", na kuacha kwako wewe kunaanza na vidole kukosa cha kubonyeza.

Simu janja iuze, hela yake iwe malipo ya kwanza ya deni. Nunua kitochi. Najua hata kwenye kitochi watu wanabeti kwa menyu ya nyota, usidhani mimi ni wa juzi, kwa hiyo laini yako yenye pesa ikae kwa mkeo na namba ya siri abadilishe yeye. Piga huduma kwa wateja wa hao wa kubeti uwaambie wafunge akaunti yako, mkeo akiwa pembeni anasikiliza. Mwombe tajiri yako, kama anaelewana na mkeo, mshahara uingie kwake mpaka deni liishe. Utajisikia kama mtoto mdogo. Sawa.

Kwaya wanaweza kukubali ulipe 100,000 kila mwezi, hapo ni miezi 8 na kidogo, au wanaweza kukataa. Fundi anaweza kushona nusu, na Pasaka hii mkavaa sare za zamani. Kuna watakaokusema kwenye kundi la simu. Ni haki yao, ni 65,000 zao. Na kama mtu wa kwaya anasoma hapa: hela za watu 24 kuziacha kwenye laini ya kijana mmoja mwaka mzima, bila mtu hata mara moja kumwambia fungua tuone salio, nanyi mlikosea. Benki na mitandao ya simu zina akaunti za vikundi ambazo hela haitoki mpaka watu wawili watatu waidhinishe. "Mtu wa Mungu" si utaratibu wa fedha. Huyo kijana mlimpigia makofi mkamwacha peke yake na mfuko.

Kuimba. Usiseme koo linauma, koo halina kosa. Uamuzi wa kuimba au kukaa chini si wako tena, ni wa mchungaji na wazee. Wanaweza kukusimamisha huduma, wanaweza kukuweka chini ya nidhamu ya kanisa ukae bila Meza ya Bwana mpaka utakaporudishwa kundini. Ikiwa hivyo, njoo ibadani ukae kwenye benchi kama watu wengine, uimbe ukiwa umeshika kitabu, mtoto amekaa mapajani. Usihame usharika. Najua utatamani, kuna makanisa ng'ambo ya barabara watakupokea Jumapili na Jumatano wakupe maikrofoni. Hawatakuwa wanakupokea wewe, watakuwa wanapokea besi.

Nimalizie na kufunga, maana naona linakuumiza. Unashangaa kwamba ulibeti ukiwa umefunga. Bwana mwenyewe alijaribiwa akiwa amefunga siku 40, njaa ndiyo iliyoleta mazungumzo ya mkate. Kufunga hakumzuii mjaribu asije. Na Luka 4:13 inasema Ibilisi alipomaliza alimwacha "akaenda zake kwa muda." Huo muda wako unaweza kuwa wiki, unaweza kuwa mpaka ligi zianze tena mwezi wa nane, uko kijiweni, wenzako wanasuka mikeka na mmoja anakuambia nitakutilia mimi, utanipa ukishinda. Siku hiyo usitegemee kwamba utakuwa umekuwa mtakatifu. Tegemea kwamba utakuwa na kitochi, huna laini ya pesa, na kuna watu watatu wanajua. Ukianguka tena, mwambie mmoja wao siku hiyohiyo kabla jua halijazama, isifike wiki ya tisa kama mimi. Mithali 24:16 inamwita mwenye haki mtu aangukaye mara saba akainuka tena.

Mkeo usimwambie alfajiri, atabeba habari hiyo pamoja na ndoo ya unga. Mwache arudi kutoka stendi, aoge, ale, mtoto alale. Simu iweke mezani ikiwa wazi, aone miamala yote kwa macho yake, hata ya saa 7 usiku. Akiuliza kuhusu yale maji uliyoyamwaga chooni, mwambie ukweli. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, usijaze ukimya kwa mistari ya Biblia.

Halafu niandikie, hata sentensi moja. Nitakuwa naangalia.